Moshi wa Kahongya Ulivyohesabiwa

Pale Vulamba, juu kidogo ya barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea katikati ya mji wa Butembo, kuna msagaji mmoja aitwaye Kahongya. Siku mtoto wake wa kwanza, Sagesse, alipozaliwa, Kahongya aliingia maternité, akamtazama mtoto, akamtazama mkunga, akauliza, "Uko na hakika?"

"Hakika ya nini, papa? Mutoto ni huyu."

"Ninauliza tu."

Tangu siku ile mtaa mzima ulijua: huyu mtu hata mvua ataidai karatasi kabla ya kulowa.

Msimcheke sana. Kushuku ni elimu, na Butembo ndiyo chuo kikuu chake. Watu wa mji huu walijijengea maghorofa na maduka yao bila kungoja mkono wa mtu, na mtu aliyejijengea mwenyewe hapokei zawadi kabla ya kuigeuza chini juu kutafuta shimo. Shetani mwenyewe akipita Butembo anashika mfuko wake. Na katika chuo hicho, kama kungekuwa na diploma, Kahongya angekuwa nayo ukutani, halafu angeenda kuuliza kama mhuri wake ni wa kweli.

Alizaliwa vilimani upande wa Kirumba, akalelewa na babu yake ndani ya kyaghanda, kile kibanda ambamo wanaume wa Kinande huota moto na kukata maneno. Babu alimwachia shamba dogo, ambalo mafuriko yalilichukua, na sheria moja, ambayo hakuna kilichoichukua. Alisema: "Nyumba isiyotoa moshi asubuhi, nenda upige hodi. Kuna mgonjwa mule, au kuna maiti, au kuna mtu anayekula peke yake." Kahongya aliishika sheria hiyo kama wengine wanavyoshika katekisimu. Pasipo moshi, kuna neno.

Alishuka Butembo akiwa kijana, akafundishwa injini na fundi mmoja mkali wa Mususa, na kwa jasho la miaka akapata moteri yake mwenyewe ya mazutu, yaani dizeli, nzito kama ng'ombe wawili. Akaifunga mkanda, mkanda ukazungusha mashini ya kusaga, na hapo maisha yake yakaanza kunguruma. Asubuhi moshi ulipopanda juu ya bati, wamama walijua Kahongya amefungua. Walikuja na mabassin ya muhogo mkavu kichwani, wakapanga foleni, wakarudi na bunga.

Jambo moja alilipenda kuliko yote, nalo ni usafi wa moteri. Karibu miaka mitano iliyopita aliifungua yote, akabadilisha pistoni na pete zake, na tangu hapo, kila masaa mia mbili na hamsini ya kazi, alibadilisha mafuta na filtre, kile kikopo cha chuma kinachochuja uchafu. Msagaji mwingine angeitupa ile ya zamani mtaroni. Kahongya aliitoboa, akaitundika kwenye waya uliopita juu ya mashini kutoka ukuta hadi ukuta, kama mwindaji anavyotundika mafuvu. Kila Bonane, siku ya mwaka mpya, alifunga kitambaa chekundu kwenye waya, ili mwaka ujulikane. Waliposifu bunga lake, alionyesha juu kwa kidole. "Tazama kule. Moteri ya Zacharie inakunywa mafuta nyeusi sawa kahawa. Yangu inakunywa maji ya baraka."

Zacharie ndiye msagaji wa jirani, njia ileile, nyumba ya nne. Walipendana sana, yaani walitukanana kila siku.

Sasa sikilizeni jinsi mjanja alivyojikamata mkia.

Mwezi wa tatu, habari zilifika kwamba laini kubwa ya umeme inakuja kutoka Uganda. Itavuka mpaka pale Kasindi, ipite Beni, ifike Butembo, na kwanza kuna mtu wa mradi atakayepita kwenye kila mashini akiuliza inafanya kazi masaa ngapi kwa siku. Wasagaji wanane wa Vulamba walikutana haraka kwa Zacharie. Kahongya hakukaa hata kwenye kiti.

"Mutu akikuuliza moteri yako inatumika masaa ngapi, ule ni mutu wa taxe, wa kodi," alisema. "Jina ya taxe atakuambia kiisha."

"Mais, banasema ni juu ya courant, umeme," Zacharie akasema.

"Na samaki, njo anaambiwa ni juu ya kifungua kinywa."

"Basi tuseme nini?"

"Masaa mbili."

"Mbili? Batu bananisikia toka asubuhi!"

"Banakusikia. Balikuhesabu?"

Wakakubaliana, masaa mbili, wote wanane, kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka.

Mtu wa mradi akawa binti, Eliane jina lake, enjinia mzaliwa wa Beni, mwenye viatu vya mvua na tablette chini ya kwapa. Alimkuta Kahongya katikati ya ngurumo, moshi mweusi ukipanda, na nje wamama kumi na mmoja wamekalia mabassin yao yaliyogeuzwa.

"Jambo, papa."

"Jambo, binti yangu. Unatoka kwa taxe?"

"Hapana, papa. Natoka kwa mradi ya courant. Tunataka kujua mashini za hapa zinatoa moshi kiasi gani. Courant ya Uganda ikifika, moteri zitazimwa, ile moshi itapunguka. Donc lazima tujue ilikuwa ngapi mbele."

"Na nani anataka moshi yangu?"

"Hakuna mutu anaitaka."

"Kitu hakuna mutu anakitaka, na munatuma ingénieur muzima na motard wa piki kuja kukihesabu?"

Eliane akacheka. Kahongya hakucheka. Mtu anayecheka ukimshuku, alifikiri, amekwisha kushukiwa mara nyingi, na kuna sababu.

"Moteri inatumika masaa ngapi kwa siku, papa?"

"Mbili."

Binti akageuka kutazama foleni. "Mbili, na bale bamama?"

"Bale banapumzika."

Akaandika. Kahongya alipoona ameandika bila kubisha, roho yake ikatulia kwa upande mmoja na kuwasha kwa upande mwingine. Ndipo Eliane, kwa wema tu, akamweleza kwamba lita moja ya mazutu ikiungua inatoa gesi ya kaboni zaidi ya kilo mbili na nusu.

Kahongya akazima moteri. Wamama wakageuka wote.

"Rudilia pale."

"Kilo mbili na nusu. Na zaidi kidogo."

"Lita ya mazutu yenyewe haifikie kilo moja. Miye ni musagaji, binti. Mutu akinileteya kilo makumi mbili ya muhogo, anarudi na bunga pungufu, na ananitukana juu ya ile yenye ilibaki ku mashini. Haiyatokeaka siku moja bunga izidi muhogo. Ile kilo ingine, mulitosha wapi? Ilitoka wapi?"

Wamama wakapiga makofi. Hapo aliona amemshika. Lakini Eliane akamgeukia Kanyere, mke wa Kahongya, aliyekuwa mlangoni akipepeta.

"Mama, kilo moja ya bunga ukipika, bugali inakuwa kilo ngapi?"

"Mbili inapita," Kanyere akasema. "Na kama ni wageni bengi, tatu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya maji, mwanangu. Bugali inakunywa maji."

"Basi, papa, mazutu pia ikiungua inakunywa. Inakunywa hewa. Kile kinatoka ku échappement ni mazutu na hewa, balipikwa pamoja."

Kahongya akatazama bomba la moshi, akamtazama mke wake kama mtu aliyeuzwa na watu wa nyumbani mwake. Hoja ilikuwa imesimama. Lakini mtu anayeeleza vizuri namna hii, alijiambia, anauza kitu. Akaiwasha moteri tena, akaendelea kusaga mpaka binti alipopanda piki. Eliane alipofika kwa Zacharie aliambiwa mbili. Kwa wa tatu, mbili. Vulamba nzima, mbili.

Jioni ile wasagaji walinywea ushindi wao.

Nguzo zilifika mwezi wa saba, ndefu, zenye mikono. Zilipita njia kuu, zikafika kwenye kona ambapo mtu akigeuka kushoto anaingia Vulamba, nazo zikageuka kulia. Zikaenda mtaa wa Mususa. Kwenye bureau ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi ilibandikwa ukutani, na Kahongya aliisoma mara tatu, kidole kikifuata kila mstari: Vulamba, mashini nane, matumizi kidogo sana, moshi kidogo sana, faida ya kuunganisha ni ndogo, ingojee phase ya pili. Chini yake: orodha ya phase ya kwanza itafungwa mwisho wa mwezi wa kenda.

Sisi tunajua maana ya phase ya pili. Ni kama kumwambia mtu tutaonana mbinguni.

Watu wa Mususa walikuwa wamesema kweli. Si kwamba wao ni watakatifu. Ni kwamba hawakuwa na Kahongya. Kila msagaji wa kule alipewa mashini ya umeme badala ya moteri yake ya mazutu, na ile ya mazutu ikakatwa kwa chalumeau, ule moto wa kukatia chuma, ili isirudi kufuka mahali pengine. Bunga la Mususa likatoka jeupe, laini, bila harufu ya mazutu. Wamama wana pua. Wale kumi na mmoja wa Kahongya wakawa sita, kisha watatu, na wa tatu alikuwa shangazi yake, aliyekuja kwa sababu ya udugu na kunung'unika kuhusu harufu.

Zacharie akaja, mikono nyuma. "Masaa mbili," alisema.

"Nyamaza."

"Profesa wa Kirumba. Masaa mbili! Sasa njo unasaga masaa mbili kweli. Ulitabiri, ndugu yangu."

Kanyere alingoja mgeni aende. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

"Baba Sagesse, wiki mbili zinabaki. Kama Vulamba haiingie mu ile liste, hii nyumba haitakuwa tena na mashini. Ulidanganya juu ya moshi. Enda Beni utubu."

"Mutu anatubu kwa padri. Moshi haina padri."

"Iko na Eliane."

Basi Kahongya akatafuta nafasi kwenye gari la Nassoro. Nassoro ni Mwislamu wa Beni, msafirishaji, ndiye aliyekuwa akileta mazutu ya Kasindi kwa wasagaji wote, na kwa hiyo Kahongya alimshuku kwanza. Kwa nini mtu anayeuza mazutu ampeleke bure mtu anayekwenda kuyakimbia? Hakumwuliza mpaka walipopita Maboya, kwenye kona za kuteremka Kabasha, mahali ambapo dereva hawezi kumshusha abiria.

"Nassoro. Courant ikiingia Vulamba, utakula nini?"

"Sementi. Nguzo. Mabati. Barabara haikosake muzigo, kaka." Akabadilisha gia. "Nikuambie kitu? Toka Kasindi mupaka Butembo, hii gari inakunywa mazutu juu ya kukuletea mazutu. Ikikwama mu matope, inakunywa mara mbili. Unafungua bidon yako, unasema ni lita makumi mbili. Zile zenye zilibaki mu njia, hakuna mutu anazihesabu."

"Na courant?"

"Courant haina tairi."

Kahongya akalitafuna neno hilo. Kumbe moshi wake ulikuwa ukianza mpakani, kabla hata ya kumfikia. Na yeye alisema masaa mawili! Kwenye kizuizi askari akanyoosha mkono dirishani: "Vieux, pesa mai," yaani, mzee, lete maji. Kila msafiri anajua kwamba hayo maji hayanywewi. Kahongya akampa chupa ya maji. Nassoro alikanyaga mafuta kabla askari hajaamua kama amekasirika.

Beni ilikuwa na joto, na bureau ya mradi ilikuwa na feni. Eliane alimpokea vizuri, akampa kiti. Kahongya alikaa ukingoni.

"Binti yangu, ile mambo ya masaa mbili."

"Ndiyo, papa?"

"Ni kumi."

Feni ikazunguka.

"Mwezi wa tatu, mbili. Mwezi wa kenda, kumi," Eliane akasema. "Moshi yenu inazaa, papa?"

"Nilikuambia uongo. Na bale saba, miye njo nilibafundisha."

"Na leo ni kweli?"

"Leo ni kweli."

"Juu ya nini nikuamini? Mwezi wa tatu ulifikiri ni taxe, ukapunguza. Leo unaona ni mashini ya bure, unaongeza. Mukubwa wangu ataniuliza, na yeye pia batamuuliza. Ile hesabu ya moshi inaenda mbali sana, kwa bale banalipa mashini. Tukisema moshi ilipunguka, na kumbe haikukuwa, ile ni wizi ya hewa."

Mtu aliyeshuku maisha yake yote alikuwa ameketi mbele ya mtu anayemshuku yeye, na kwa haki. Kahongya hakuwahi kuonja dawa hiyo. Ilikuwa chungu kama kwinini. Lakini, na hapa ndipo mnapaswa kumheshimu, hakuondoka bila kuuliza lake.

"Sawa. Na miye nikuulize. Courant ya Uganda, moshi yake iko wapi?"

"Haina moshi, papa. Inatoka ku maporomoko ya Nile. Maji njo inazungusha."

"Kila siku?"

Eliane akasita. Kahongya aliona kule kusita, nyinyi mngeona feni tu.

"Siyo kila siku," alisema. "Mwaka yenye mvua ni kidogo, maji inashuka, banaweza kuwasha mashini za mafuta kule. Siku ile kamoshi kadogo kanakuwa kwabo juu ya mwangaza yetu. Na kako mu hesabu, tunakatosha, tunakaondoa. Hata hivi, inabaki kidogo sana kuliko moteri zenu."

Kahongya akaegemea kiti kwa mara ya kwanza. Binti angesema moshi haupo kabisa, Kahongya angeondoka na kwenda kununua filtre nyingine. Lakini mtu anayekubali kwamba ana moshi kidogo, huyo anaweza kuaminiwa kidogo.

"Nitakuja Vulamba siku ya ine," Eliane akasema. "Lakini sitasikiliza kinywa ya mutu. Nionyeshe kitu."

Siku tatu Kahongya alitafuta kitu. Ukuta mweusi wa masizi? Zacharie alisema ukuta unaweza kuwa mweusi kwa miaka ishirini au kwa moto wa siku moja. Mabidon ya Nassoro? Yalikuwa yamekwenda Kasindi na kurudi mara elfu, hayana kumbukumbu. Mwishowe akaita wamama kumi na mmoja wote, akawapanga kwenye benchi, akawafundisha kusema "kumi". Fundisho lake la kwanza lilikuwa limemwangusha, naye akarudi kwenye dawa ileile.

Alhamisi Eliane akaingia, akaona benchi, akatikisa kichwa.

"Papa, nilisema hapana kinywa."

"Hawa ni vinywa kumi na moya."

"Hata mia."

Wamama wakaanza kuamka, wakikung'uta vitenge. Kanyere akageuza uso. Kahongya alisimama kando ya mashini yake iliyonyamaza, mikono imening'inia. Eliane alikuwa tayari anavaa kofia ya piki alipoinua macho.

"Hii njo nini?"

Alikuwa akitazama waya.

Na Kahongya, hata siku ya mazishi yake, mtu akimwuliza juu ya ule waya, atafungua jeneza ajibu.

"Filtre," alisema, na kifua kikapanda chenyewe. "Za moteri yangu. Kila masaa mia mbili na makumi tano ninabadilisha. Siyaruka hata moja! Uliza mutu yeyote. Zacharie anabadilisha wakati moteri inalia. Miye ninabadilisha wakati inacheka. Kile kitambaa ni Bonane. Na kile ingine, Bonane ya mbele. Tazama ile ya tatu, nilikuwa na malaria, niliibadilisha nikiwa na blanketi!"

Eliane alikuwa amekwisha kupanda juu ya benchi la wamama. Aligusa filtre moja moja, midomo ikitikisika. Kutoka kitambaa hadi kitambaa, kumi na mbili. Hadi kitambaa kingine, kumi na mbili. Tena kumi na moja, ule mwaka ambao barabara ya Beni ilifungwa na mazutu yakakosekana. Mwaka wa nne, kumi na tatu. Za mwaka huu, ambao haujaisha, aliziacha.

"Arobaini na nane," alisema. Akashuka. "Kumi na mbili kwa mwaka, kila moja masaa mia mbili na makumi tano. Elfu tatu kwa mwaka. Ondoa siku ya Mungu na sikukuu." Akamtazama. "Ni kumi kwa siku, papa."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia mbili. Kwa masaa mbili, ungekuwa na filtre mbili na nusu kwa mwaka."

"Ile ya nusu ni ngumu kutundika," Zacharie akasema kutoka mlangoni, na wamama wakaangukiana kwa kicheko.

Pale kinywa kilipodanganya, sifa ikasema kweli. Majivuno, mabwana, msiyatukane. Yametunza ukweli mahali ambapo unyenyekevu ungeutupa mtaroni.

Wale wengine saba hawakuwa na waya. Eliane akawafungia kila mmoja kakompteri kadogo ka kuhesabu masaa kwenye moteri, wiki moja, hata kama wateja ni wachache, ili alinganishe na mabassin yanayopita. Wiki ile Kahongya hakusaga. Alikaa kwenye kigoda barabarani akitazama mabomba saba, maana alimjua ndugu yake Zacharie. Siku ya pili, moshi wa Zacharie ulipanda mweupe, mwepesi. Moteri yenye mzigo hufuka mweusi. Akaingia bila hodi. Mashini ilikuwa ikizunguka tupu, hata punje moja ndani.

"Unasaga nini, Zacharie? Pepo?"

"Ninapasha moteri moto."

"Zima. Uongo ya kupunguza ilituangusha, sasa unaleta ya kuongeza?"

"Sikia nani anahubiri!"

Lakini alizima. Na siku ya mwisho ya orodha, jina la Vulamba likaandikwa juu ya ile karatasi ya komine, kwa kalamu, pembeni. Kahongya aliuliza kwa nini ni kalamu na si mashini ya kuandikia. Akaonyeshwa mhuri. Akaugusa kuona kama wino umekauka.

Nguzo ziligeuka kushoto kabla ya Noeli. Waliokuja kuchukua moteri walikuwa wanne, na chalumeau. Kahongya alitaka kuiona ikikatwa mbele yake, vipande vyote, kwa sababu kitu kizima kina miguu. Kipande cha kwanza kilipoanguka alivua kofia. Waya wa filtre ulibaki juu.

Asubuhi ya kwanza ya umeme alibonyeza kitufe. Mashini mpya ikaimba kama nyuki chupani. Akangoja. Saa ya kwanza ikapita, hakuna bassin hata moja. Saa ya pili, wamama wawili wazee walisimama nje ya lango, vitenge vimefungwa namna ya kwenda matangani. Mmoja akapiga hodi taratibu.

"Mama Sagesse," akamnong'oneza Kanyere, "alikufa saa ngapi?"

"Nani?"

"Baba mwenye nyumba. Hatujaona moshi."

Kahongya, aliyekuwa akijaribu mashini kwa muhogo wake mwenyewe, akatoka na bunga kwenye nyusi. Mmoja akajifanya ishara ya msalaba. Ilimbidi awaonyeshe mashini, kitufe, waya, mpaka mikono yake mwenyewe, na bado yule mwingine aliuliza kama courant hailishi watu uchawi. Babu wa Kirumba alikuwa amefundisha watu wengi kuliko mjukuu wake alivyodhani.

Wiki mbili baadaye Eliane alipita kukagua. Kutoka barabarani aliona moshi ukipanda nyuma ya nyumba ya Kahongya, wima, wa buluu. Aliingia mbio. Mabassin kumi na manne yalikuwa kwenye foleni, mashini ya umeme ikiimba, na nyuma ya ukuta Kahongya alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria iliyotoboka, akichochea majani mabichi ya mikaratusi. Mara moja moja aliinua macho kutazama mashariki, upande wa Ruwenzori, kuhakikisha kwamba hakuna moshi mwingine unaopanda ng'ambo, Uganda, kwa ajili yake.

"Papa! Huu moshi ni wa nini tena?"

"Hii? Hii ni enseigne, ni bango yangu. Bila hii batu banafikiri nilikufa."

Eliane alisimama, hajui acheke au alie. Kisha akatoa tablette chini ya kwapa. "Papa Kahongya, nitalazimika kuihesabu. Inawaka masaa ngapi kwa siku?"

Kahongya akaitazama sufuria. Akamtazama binti. Akatazama ile tablette, kwa upande, kama mtu anayemwona tena adui wa zamani aliyewahi kumkopesha koti.

"Andika mbili," alisema.

Kanyere akakohoa mlangoni.

"Tatu," Kahongya akasema. "Lakini kwanza uniambie nani anataka kujua."